Msimu Mzima Bila Kushangilia

Baba yangu, Ezra Dungworth, hakuwa anakula bekoni, ile nyama ya nguruwe ya kukaanga. Si kwa sababu ya dini wala tumbo. Hakula kwa sababu ina michirizi myekundu na myeupe, na nyekundu na nyeupe ndiyo jezi ya Sheffield United, mahasimu wa timu yetu, Sheffield Wednesday. Siku hizo vita vilikuwa vimekwisha lakini kuponi za mgao hazijaisha, na Mama alipanga foleni kwenye baridi ili apate vipande vichache vyembamba, halafu mumewe anasukuma sahani.

"Mpe paka."

"Paka naye ni Wednesday, Ezra, ila hajui kusema," Mama anajibu, kisha anakula mwenyewe taratibu, akimtazama usoni.

Hiyo ndiyo nyumba nilimolelewa. Ilikuwa upande wa kaskazini wa mji, karibu na Hillsborough, uwanja wa Wednesday, ambako siku ya mechi tulisikia kelele zikija juu ya mapaa. Mama alikuwa anajua kwa kusikia tu nani amefunga. "Letu hilo," anasema, huku anaendelea kumenya viazi. Siku nyingine ananyamaza, na sisi watoto tunajua jioni ile tusimwombe Baba kitu chochote.

Mimi nilianza kazi mapema, shule nikaiacha kabla sijaizoea. Nilikuwa nang'arisha vijiko na visu kwenye karakana, sisi wanawake pekee, kila mmoja mbele ya gurudumu lake. Ile kazi ina vumbi jeusi lenye mafuta, linaingia mpaka masikioni. Kwa hiyo mwilini tulijizungushia karatasi za kaki na kuzifunga kwa kamba, na kichwani tukajifunga kitambaa chekundu. Baba hakutaka kitambaa kile kivuke kizingiti chake. Nilikivua nje uani, mvua inyeshe isinyeshe, nikakificha mfukoni kama mwizi.

Kwenye ghorofa ya chini ya karakana walikaa wanoaji, wanaume, na mmoja wao ni Clem Broomhead. Alizaliwa upande wa kusini, mtaa wa nyuma ya uwanja wa Bramall Lane, ambako United wanachezea. Alikuwa akipandisha visu juu tuving'arishe, na hakupita mbele yangu bila kunichokoza.

"We binti wa Jumatano! Leo Alhamisi, umepotea njia?"

"Bora mimi nina siku yangu," namwambia. "Nyie hata jina mmeazima."

Wenzangu wanacheka, bibi mkubwa wa karakana, Florrie, anapiga kelele, "Broomhead, shuka chini kabla sijakung'arisha na wewe!" Anashuka anapiga mluzi. Alikuwa mtu wa mdomo sana, Clem. Nataka mlijue hilo kwanza, kwa sababu ya yaliyokuja kumpata.

Alipokuja nyumbani kuniposa, alivaa suti ya kaka yake na shingoni hakuvaa rangi yoyote ya kuudhi. Mama alimpa chai. Nilidhani Baba atamuuliza mshahara, au ukoo, au kama anakunywa. Hakuuliza.

"Bramall Lane," Baba akasema. "Unajua uwanja ule ulikuwa wa nani?"

"Wa klabu ya kriketi, mzee."

"Na nani alicheza mpira pale kabla yenu?"

"Nyie, mzee."

"Sisi." Baba akaegemea kiti. "Wednesday ilikuwepo kabla babu yako hajavaa suruali. Mafundi wa mji huu walikuwa wanapumzika nusu siku Jumatano, wakaunda timu ya kriketi, halafu wakaunda ya mpira. Mechi kubwa tulizichezea pale Bramall Lane, tukiwa wapangaji. Wenye uwanja wakawa wanachota fungu nono la fedha za mlangoni. Sisi ndio tunavunjika miguu, wao ndio wanahesabu. Tukachoka, tukahama, tukajenga pa kwetu. Wao kuona nyumba imebaki tupu, ndipo wakaunda timu yao ya kuijaza. Ndiyo nyie hao. United ni timu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupata kodi."

Alisimulia kama mtu aliyebeba vitanda siku ya kuhama, na wakati jambo lenyewe lilitokea kabla hajazaliwa.

Clem alikunywa chai kidogo. "Sisi nyumbani tumesimuliwa vingine, mzee. Tumeambiwa mpangaji alifika mjini hana hata pa kutundika koti, akapewa uwanja mzuri kuliko wote, akapata jina pale, na alipoliona jina limekua akaondoka bila kuaga. Mwenye nyumba afanye nini? Akazaa mtoto wake mwenyewe."

Mama akakohoa. Mimi nikatazama zulia.

Miaka mingi nimeishi na hadithi hizo mbili, na ukizisikiliza vizuri hazipishani hata kwa jambo moja. Mpangaji alihama, mwenye nyumba akaunda timu. Hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni nani aliyemuumiza mwenzake kwanza, na hilo halina karatasi wala shahidi. Wajukuu zangu leo wanaitana nguruwe, wa United anamwita wa Wednesday nguruwe, na wa Wednesday anamwita wa United nguruwe, neno lile lile, na ukiwauliza nani alianza kila mmoja ananyoosha kidole upande wa pili. Wakati wetu matusi yalikuwa mengine lakini kidole ni hicho hicho.

Baba alimtazama Clem muda mrefu. Nadhani jibu lilimpendeza kidogo na hakutaka lionekane.

"Unamtaka binti yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nitakuwekea sharti moja. Msimu unaokuja, kila Wednesday wakicheza nyumbani, utasimama na mimi Hillsborough. Sikwambii utushangilie, sitaki unafiki. Ila wakitufunga, nisione jino lako. Nisisikie hata pumzi. Ukiweza kujizuia msimu mzima, njoo tuzungumze."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa utakuwa na Jumamosi zako zote, uzifanyie utakalo."

Kwa kuwa timu mbili za mji mmoja hazichezi nyumbani siku moja, wazee wengi wa wakati ule walikuwa wakienda kote kuwili, wiki hii huku, wiki ijayo kule, na wakiwa kwa jirani wanapiga makofi ya heshima. Baba hakuwa wa namna hiyo. Tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga Bramall Lane, wala baba yake. Lakini Clem aliona ni jambo jepesi. Aliniambia uani, "Kunyamaza tu? Hilo nitaliweza hata nikiwa usingizini."

Basi msimu ukaanza. Pale Hillsborough watu walisimama kwenye kilima kisicho na paa, na mvua ya kwetu haina haraka. Baba akamsimamisha Clem katikati ya rafiki zake.

"Jamani, huyu ni mtu wa United. Anamposa binti yangu."

"Ezra! Umemleta ndani bila kumfunga kamba?"

"Mweke mbele huko, mpira ukija umpige yeye."

"Kijana, ukishuka hapo chini kuna mtu anauza mikate ya nyama. Kanunue, angalau upate cha kufungia mdomo."

Siku za mwanzo Clem alitabasamu. Baadaye akawa hatabasamu. Wednesday wakifungwa, anaweka mikono mfukoni na kutazama nyasi. Wakifunga wao, rafiki za Baba wanamkumbatia makusudi, wanampiga mgongoni, na yeye amesimama kama nguzo ya taa. Baba anarudi nyumbani anampa Mama taarifa: "Leo tumelizwa, na kijana hakutikisika." Sikujua anasifu au analalamika.

Mimi niliona kitu kingine. Clem aliacha kunichokoza kazini. Alipandisha visu, akaviweka, akashuka. Hata mluzi ulikufa. Florrie mwenyewe akaniuliza, "Shoga, umemfanya nini yule? Alikuwa kasuku, sasa amekuwa kabati."

Nilimuuliza Clem. Akasema, "Ukizoea kubana mdomo Jumamosi, Jumatatu haufunguki wenyewe." Akajaribu kucheka.

Ndipo nikaanza kuogopa. Nilitaka kuolewa na yule wa kwanza, mwenye mdomo. Niliona tunamnunua Baba kwa kumtoa Clem kidogo kidogo, na nikajiuliza siku ya harusi atabaki nani wa kunishika mkono.

Muda si mrefu baada ya mwaka mpya wakakutana wao kwa wao, Wednesday na United, pale kwetu. Siku hiyo nilikwenda na mimi, nikasimama kati ya Baba na Clem. Siku hizo hawakutenganisha watu kwa uzio. Mashabiki wa United walikuwa humo humo kwenye kilima, pua kwa pua na sisi. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni na mistari imepakwa upya.

United walifunga goli ambalo hata mimi nililiona ni zuri. Mtu wao alipokea mpira mbali, akageuka, akaupiga kabla haujatua, na kipa wetu hakusogea. Kilima kikapasuka vipande. Safu chache chini yetu alikuwepo kijana aliyekua na Clem mtaa mmoja, wamelala kitanda kimoja utotoni. Akageuka, uso umejaa furaha, akimtafuta.

"Clem! Clem, umeona? Umeliona hilo?"

Clem akamtazama kama hamjui. Akarudisha macho kwenye nyasi. Yule kijana alibaki mikono juu, halafu akaishusha polepole.

Nilimwona Baba akiyaona yote.

Tulishindwa. Tukarudi nyumbani. Clem akaaga mlangoni akaenda zake kupanda tramu. Baba akavua viatu, akakaa mbele ya moto.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" Mama akauliza.

"Simpi."

Mama akaweka birika chini. "Ezra, si amefanya ulichomwambia?"

"Ndiyo sababu."

"Ngoja nikuelewe. Angeshangilia?"

"Ningemkatalia."

"Na hakushangilia?"

"Namkatalia."

"Basi wewe ni mwendawazimu, na mimi niliyekaa nawe miaka yote hii nina kesi ya kujibu."

"Sikiliza," Baba akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mtu anaona timu ya baba yake inafunga goli kama lile, mbele ya maadui, rafiki yake wa utotoni anamwita kwa jina, na yeye anatazama nyasi. Kama hilo limeshuka kooni kirahisi namna ile, kitu gani hakitashuka? Watu watamtukana mke wake, naye atatazama nyasi. Sikudhani ataweza. Nilikuwa nangoja ashindwe."

"Ungengoja mpaka lini?" nikamuuliza.

Jumatatu nikashuka chini kwa wanoaji. Clem alikuwa amekaa kwenye gurudumu lake, miguu huku na huku kama amepanda farasi, kama wanoaji wanavyokaa. Nikamweleza. Alizima mashine. Akasema, "Kwa hiyo yule rafiki yangu nimempoteza bure."

"Hajakuacha. Mweleze."

"Nimweleze nini? Kwamba nilisikia? Edna, nilitaka kuruka mpaka nipotee. Sijui kama nimewahi kutaka kitu hivyo, nikikutoa wewe." Akafuta uso, na mkono wake ulikuwa na tope la jiwe la kunolea, uso ukabaki na mstari wa njano. "Baba yako anasema kilishuka kirahisi. Yeye amewahi kumeza?"

Hilo swali nikalibeba mpaka nyumbani.

Sikulisema siku ile. Baba hakuwa mtu wa kushambuliwa mbele. Ukimvamia anafunga milango. Nilingoja. Nilimpikia, nikamfulia, nikasikiliza malalamiko yake juu ya safu ya ulinzi. Majira ya kuchipua yakafika, na ikatangazwa kwamba timu zile mbili zitakutana tena kwenye kombe la mkoa, na safari hii ni Bramall Lane. Jioni hiyo, ametulia na kiko chake, nikamwambia.

"Baba, umempima Clem kwa mzani ambao wewe hujawahi kuupanda."

"Mzani gani?"

"Nenda Bramall Lane. Simama naye upande wa watu wake. Wednesday wakifunga, nyamaza. Mechi moja tu, si msimu. Ukirudi ukasema ni rahisi, mimi sitamtaja tena jina humu ndani."

Nilikuwa nimeweka kila nilichonacho juu ya meza.

"Baba yangu hakukanyaga pale. Na mimi sikanyagi."

Mama hakuinua macho kwenye soksi aliyokuwa anaishona. "Anaogopa," akasema, kama anayezungumza na soksi.

"Nani anaogopa?"

"Sijasema kitu."

Basi akaenda.

Uwanja wa Bramall Lane siku hizo ulikuwa na majukwaa pande tatu tu. Upande wa nne ulikuwa wazi, kwa sababu kule ndiko kriketi inakochezwa, na upepo unaingia utakavyo. Baba alivaa kofia yake ya kazi, akasimama amebana mabega kama mtu aliye kwenye chumba cha kungojea daktari. Clem upande wake wa kulia, mimi kushoto.

"Mzee," Clem akamwambia kabla mechi haijaanza, "mimi sikuwekei sharti. Piga kelele unavyotaka. Hawa ni jirani zangu, hawatakugusa."

"Nimeshasema nitanyamaza."

United wakafunga kwanza. Watu wakaruka, kofia zikarushwa, na Clem, ambaye hakuwa na sharti siku ile, akatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilitoka imekwaruza, kama mlango wa chumba ambacho hakijafunguliwa muda mrefu. Baba akageuka akamtazama. Hilo halikumshinda, kufungwa alikuwa amezoea.

Kazi ilikuja baadaye. Winga wetu, mtu mdogo mdogo ambaye Baba alikuwa akimtukana mwaka mzima, alikwenda na mpira upande ule ulio wazi, akawapita wawili, akauinua juu. Nikamwona mshambuliaji wetu anapaa. Kabla mpira haujagonga wavu nilisikia pumzi ya Baba ikiingia, ndefu.

Haikutoka. Alishika chuma kilicho mbele yake kwa mikono miwili. Shingo ikavimba. Mbali kidogo watu wetu walikuwa wanaimba na kurusha mikono, wanaita majina ya wenzao. Macho ya Baba yakajaa maji, na midomo ikafungwa mpaka ikawa myeupe.

Mzee mmoja wa United aliyesimama karibu akamwinamia. "Vipi, ndugu yangu, unaumwa? Tukuitie watu wa huduma ya kwanza?"

"Mwache, mzee Alf," Clem akasema. "Kuna kitu kimemkwama kooni."

Wakaenda sare, sikumbuki mengine. Baba hakutaka tramu. Tulitembea, yeye mbele, mpaka tukaupita mtaa wa mwisho ambako unaweza kuuona ule mnara wa taa za stesheni, ndipo akasimama kutungoja.

"Kule kwetu siku ile," akamuuliza Clem, "lilikuwa linauma hivi?"

"Zaidi, mzee. Wewe umekuwa na mechi moja."

Baba akatikisa kichwa. Alitembea tena, akasimama tena. "Yule kijana aliyekuita. Ulimrudia?"

"Nilimrudia. Alinitukana sana. Tuko sawa sasa."

"Mimi nilidhani huna kitu ndani. Kumbe kilikuwa kimejaa." Akasema hivyo kwa njia yake, akitazama barabara.

Nyumbani Mama alikuwa ametandika kitambaa cha mezani cha siku kuu, sijui alijuaje. Tukakaa, ila Clem alibaki amesimama nyuma ya kiti, kama mgeni anayengoja kuambiwa. Baba akamimina chai yake kwenye kisosi, akaipuliza.

"Basi," akasema. "Mchukue."

"Ila mtoto wa kwanza ni Wednesday. Nitamnunulia jezi siku atakayozaliwa."

Mama akanitazama, mimi nikamtazama Clem. Tulikuwa tunamwomba kwa macho, wote wawili: sema ndiyo. Mtoto mwenyewe hayupo, sema ndiyo tu, umemeza mangapi, meza na hili dogo.

"Hapana, mzee," Clem akasema.

Kisosi kikasimama hewani. "Umesema nini?"

"Nimesema hapana." Sauti yake ilitetemeka lakini ilikuwa ile ya zamani, ya ngazini kwenye karakana. "Edna namtaka. Nimenyeshewa kwa ajili yake na nitanyeshewa tena ukitaka. Lakini mtoto wangu sikuahidi. Atakwenda kwenu wiki hii na kwetu wiki ijayo, na achague mwenyewe. Akichagua kwenu nitalia mpaka mtaa mzima unisikie. Na akichagua kwetu, mzee, utanisamehe, nitakuja kupiga ngoma hapo mlangoni kwako."

Nilijua tumekwisha. Nilianza hata kukunja kitambaa changu cha mikono, kama mtu anayejiandaa kuondoka nyumbani kwao.

Baba akaweka kisosi chini taratibu asimwage. Alimtazama Clem kama mnoaji anavyotazama kisu kilichotoka kwenye jiwe, anakigeuza kwenye mwanga. Kisha akakikokota kwa mguu kile kiti kitupu, akakisogeza.

"Kaa chini, kijana," akasema. "Umesimama vya kutosha."